Siku ile tulienda kutoa plaki

Bunia, Ngezi. Siku ya Mungu, saa tisa ya mchana.

Mvua ilianza tulipotoka kanisani na haitaki kuacha. Inapiga mabati kama mutu mwenye kutaka kufunguliwa kwa nguvu. Niko peke yangu nyumbani. Bibi yangu alienda ku mazoezi ya kwaya, na najua alienda mapema juu asikae na mimi. Asubuhi nilipiga mulango teke sababu ilikawia kufunguka. Mulango ya nyumba yangu mwenyewe.

Niko na hasira, na sijapata mutu wa kuibeba.

Wenye kunisoma hapa tangu zamani wananijua. Kwa ule anayefika leo: mimi ndiye mutu wa kwanza kubeba watu na pikipiki hapa Bunia. Wengine watakuambia nilikuwa wa pili ao wa tatu. Waache. Nilipakia watu njia ya Tchomia wakati barabara ilikuwa mashimo tu, shimo inaunganisha shimo. Nilibeba wagonjwa, nilibeba maiti wenye kukaa wima kama abiria, siku moja nilibeba harusi nzima kwa safari moja: bwana, bibi-arusi, mama-mukwe na mbuzi. Nilisoma mupaka sekondari ya mbili. Kama ningeliendelea, mawaziri wa Kinshasa leo wangelikuwa wananipigia simu kwa kuomba ruhusa.

Sasa mugongo umekataa barabara. Mimi ni muzee wa parkingi yetu, ile ya karibu na soko, fasi wamotari, watu wa pikipiki, wanangojea abiria. Pakiwa na ugomvi, mimi ndiye ninaamua. Ao nilikuwa mimi.

Miaka hii wanaiita ya amani. Ni ile amani ambayo mutu analala na viatu vyake muguuni. Kule Gety watu walirudi ku mashamba, lakini wanalima wakitazama nyuma. Hapa mu muji, wale waliobeba bunduki leo wanabeba abiria. Ule aliyechoma nyumba ya shemeji yangu, ninamupa salamu kila asubuhi. Anaitika vizuri.

Ndio watu hao nilipelekea wanafunzi.

Nieleze. Mwaka huu shule ya waganga wa meno ilinitafuta. Mwalimu wao, Dokta Sifa, mama mufupi mwenye sauti ya sajenti, alichoka kuona wanafunzi wanajua tu kung'oa. Anasema munganga mwenye kungojea jino ioze ni kama askari mwenye kufika kijiji ikishawaka. Anataka wanafunzi waende mbele ya ugonjwa, waingie mu nyumba, ku soko, ku kanisa, wafundishe watu kusugua meno, kupunguza sukari, kuangalia fizi za watoto. Lakini wanafunzi hawa, French yao iko murefu na Swahili yao iko ya kuogopa. Walihitaji mutu wa kuwaonyesha namna ya kuingia mu nyumba ya watu. Mave, mutoto wa dada yangu, anasoma pale. Yeye ndiye alimwambia Dokta kwamba iko na noko wake anayejua muji wote.

Noko, kwa wasiojua, ni mujomba, kaka ya mama. Kwetu noko hasahihishwi mbele ya watu. Noko akisema jua ni la bluu, mutoto wa dada yake anatazama juu na ananyamaza.

Nilipewa wanafunzi sita, Mave ndani. Nitasema ukweli bila kujisifu: nilifundisha vizuri. Niliwafundisha wasikae kabla ya kuonyeshwa kiti. Wasimwambie mama kwamba mutoto wake ananuka mudomo; wamuulize kwanza mutoto anapenda kula nini. Ku wamama wanaouza samaki ya Tchomia, waanze kwa kununua, ama kwa kuuliza bei tu. Na neno moja niliwakataza kabisa. Munganga wa meno popote duniani anasema "fungua mudomo." Niliwaambia hapa musiseme hivyo kwa mutu mukubwa. Wakati wa vita, wenye kutuambia tufungue mudomo walikuwa wanataka kuweka bunduki ndani. Nilishaona muzee mumoja akianguka chini ku hospitali sababu ya hiyo maneno tu, mikono juu ya kichwa, na munganga alikuwa na taa ndogo peke yake. Museme "nionyeshe meno, muzee," ao "tucheke kidogo." Dokta Sifa aliandika ile mu daftari yake. Aliandika maneno yangu, na mimi nikavimba kifua mwezi muzima.

Wanafunzi waliniuliza meno yangu mbili ya mbele ilienda wapi. Niliwaambia samaki. Kapiteni, sangara mukubwa wa ziwa, kilo mia, nilimushika na kamba kwa meno, akaondoka nayo. Walicheka sana. Hapa naweza kuandika: ni kitako ya bunduki, ku bariere, kile kizuizi cha barabara, njia ya Gety. Nilikuwa nimepiga magoti na nimefumba macho. Aliyenipiga alikuwa na sauti ya mutoto wa kwaya.

Sasa tufike ku neno.

Dokta alifundisha kwamba magonjwa ya meno inaanza na uchafu mweupe, mwembamba, wenye kunata juu ya jino. Ndani yake muko vijidudu. Ukiuacha unakuwa mugumu, unakula jino, unakula fizi. Kwa French unaitwa plaque. Wanafunzi walikaa kutafuta namna ya kusema kwa Swahili. Kambale, kijana murefu, mutoto wa wafanyabiashara waliohama Butembo, alikuwa na jibu lake: "uchafu unaonata ku meno." Ni yeye ndiye alikuwa mwenye bidii kupita wote. Aliniuliza mimi kama inasikika vizuri.

Nilicheka. Nilimwambia ni murefu, watu watalala kabla ya kufika mwisho. Nikamwambia sema plaki. Plaki ni plaki. Hapa Bunia hata mbuzi anajua plaki.

Mave aliinua mukono. Aliuliza polepole, na heshima yote, kama plaki si ile bati ya namba yenye kufungwa nyuma ya pikipiki.

Nilimutazama tu. Alishusha mukono.

Nilijua alikuwa na haki. Hapo hapo nilijua. Lakini Dokta Sifa alikuwa amesimama ku mulango akisikiliza, na mimi nilitaka Dokta asikie namna muzee wa sekondari ya mbili anavyotamka French yake bila kujikwaa.

Hiyo juma, polisi wa barabara walikuwa wameanza kukamata pikipiki zenye plaki ya zamani. Walikuwa wanakuja wengi, na bisibisi, wanafungua plaki palepale na kuondoka nayo, na bila plaki mutu hafanye kazi. Siku ya tatu motari mumoja wa parkingi yetu alikimbia bariere, wakamuangusha, mukono ukavunjika fasi mbili. Mufupa ulitoka inje, niliuona. Wamotari walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini. Wamotari wakiongea kwa sauti ya chini, ni mbaya.

Na mimi, muzee wa parkingi, niliyeona ule mufupa, juzi siku ya tano asubuhi nilipeleka wanafunzi sita pale.

Mupango ulikuwa wazi. Mimi nianze: niwasalimie wamotari, niseme hawa ni watoto wetu, waganga wa meno, wamekuja kufundisha. Kisha Kambale aseme. Lakini tulipofika, Mama Charlotte alikuwa anatoa mandazi ya moto mu mafuta, na wanawake wawili walikuwa wanangoja, na mmoja akaniuliza kama ni kweli nilibeba maiti akikaa wima. Nilikaa ku kibao. Nikaanza. Ile hadithi ni murefu.

Kambale alingoja. Alingoja sana, maskini. Alinitazama mara mbili, na mimi nikamufanyia ishara ya mukono: anza. Akapanda juu ya benchi, bluzi yake nyeupe ya munganga imepigwa pasi, megafoni mu mukono moja, na mu mukono ingine kile kichuma chenye ncha ya kupinda cha kukwangua meno. Akasema hivi, kila neno nimelikumbuka:

"Mujambo wapendwa. Leo tumekuja kutoa plaki. Kila mutu hapa iko na plaki, hata asiyejua. Musikimbie, haiumi. Tutakwangua moja moja, na wale hatutamaliza leo, tutawafuata nyumbani."

Mutu mumoja alisema, bila kupaza sauti, kwamba wenye kuchukua plaki sasa wanakuja wamevaa kama manesi.

Jiwe ya kwanza ilipiga sanduku yenye ile mudomo mukubwa ya plastiki tunayofundishia. Meno ya plastiki ikaruka, na Kambale akacheka. Alifikiri ni muchezo. Alikuwa bado anacheka Buldoza alipomufikia. Buldoza ni motari, ni lile jina la utani analo tangu msituni, na mukono wake ni kama paja yangu. Alimunyang'anya megafoni na akamupiga nayo mu mudomo. Mara moja, mara mbili. Megafoni ilikuwa bado inawaka. Tulisikia meno yakivunjika kwa sauti kubwa, parkingi nzima ilisikia.

Kisha miguu. Sijui kuandika miguu ya watu wengi. Kambale alienda chini na sikumuona tena, niliona tu migongo. Wanafunzi wanne wengine walikimbilia soko. Mumoja wao alipigwa ufito wa chuma mugongoni akiwa anakimbia, akaendelea kukimbia. Mave hakukimbia. Alijitupa juu ya ile migongo akivuta mashati, na mutu akamushika nywele na kumuzungusha chini mu matope kama mutu anavyopangusa nyumba. Nikaona chupa ya esansi, petroli, inapita mukono kwa mukono. Nikaona tairi ya zamani inatoka nyuma ya kibanda, inaviringishwa, bila haraka. Walijua kazi yao. Wengine waliwahi kuifanya.

Mimi nilikuwa wapi?

Nilikuwa nyuma ya jiko ya Mama Charlotte. Kati ya jiko na gunia ya makaa. Nilikuwa nimepiga magoti, na bado nilikuwa na nusu ya mandazi mu mudomo. Suruali yangu ililowa, na siku ya tano hakukunyesha.

Ningelisema maneno tatu. "Ni ya meno." Hao watu wananijua, nilizika wazazi wao, nilihukumu kesi zao. Wangelinisikia. Woga ilikuwepo, sikatai. Lakini haikuwa woga peke yake. Nikiwa pale chini nilifikiri, kwa akili safi kabisa: nikisema ni ya meno, watauliza nani alimufundisha huyu kijana kusema plaki. Nilifikiri hivyo na tairi inaviringika.

Mama Charlotte hakufikiri kitu. Alibeba karai yake ya mafuta na vitambaa viwili, mafuta ikichemuka, akaenda kusimama juu ya Kambale. Alisema polepole kwamba wa kwanza kusogea ataenda nyumbani bila uso. Tone moja ilimuangukia Buldoza ku muguu, akaruka, na watu wakarudi nyuma hatua mbili.

Mave aliinuka hapo. Damu ilikuwa inamutoka ku sikio. Alimuendea Buldoza, mutu aliyekuwa na damu ya mwenzake ku mikono, akaweka kidole mu mudomo yake mwenyewe, akakwangua jino na ukucha, na akamuinulia ule ukucha mupaka ku macho.

"Plaki ni hii," alisema. "Ya meno, yaya. Hii hapa. Nyeupe hii."

Alimuita yaya, kaka mukubwa. Ule mutu.

Buldoza alitazama ukucha. Kisha akaweka kidole mu mudomo yake, akakwangua, akatoa, akatazama. Ule aliyekuwa nyuma yake akafanya vilevile. Na mwingine. Ninaapa, na mimi nikiapa watu wanacheka, lakini nilivyoona ni hivyo: wanaume wamesimama duara, kijana chini anakohoa damu, na wote wanakwangua meno na kutazama kucha zao. Lile ndilo somo Kambale alikuwa amekuja kufundisha. Walilisoma wote.

Mutu mumoja akaanza kucheka. Hakuna aliyemufuata. Buldoza ndiye alimubeba Kambale mu mikono kama mutoto, akamuweka ku pikipiki kati yake na motari mwingine, na wakaenda hospitali mbio. Pikipiki yake haikuwa na plaki. Walishaichukua siku ya ine.

Hapo ndipo nilitoka.

Nilitoka nikipiga makelele. Nilimukuta kijana mumoja mwembamba, motari mupya, aliyekuwa amesimama mbali na hakugusa mutu. Nilimupiga kofi, na ingine, na ngumi. Alinitazama tu, na machozi mu macho. Mukono wangu ukavimba. Watu waliokuwa wanafika kutoka soko waliona hivyo: muzee peke yake kati ya wamotari, anapiga.

Jioni nikaandika hapa. Muliisoma. Niliandika wamotari mia mbili. Niliandika niliruka juu ya benchi, nikamushika Buldoza shingo, nikanyang'anya chupa ya esansi, nikamutuma Mama Charlotte alete mafuta. Na niliandika mustari mumoja nilioona ni mudogo, wa kuunganisha tu hadithi: kwamba kijana alijichagulia neno mwenyewe bila kuniuliza. Mulinitumia pongezi mingi kupita siku zote. Mutu wa Butembo nisiyemujua aliniita simba. Nilisoma ile neno simba mara kumi, na mukono mu maji ya chumvi.

Jana nilienda hospitali. Sikutaka, lakini simba hawezi kukosa.

Kambale iko hai. Meno mbili ya juu imetoka, moja ya chini imevunjika, taya imefungwa na waya, atakula uji kwa muda murefu. Hawezi kusema. Mama yake alikuwa pale, amekaa chini ku mukeka. Aliponiona alisogea kwa magoti, akashika huu mukono wangu wenye kuvimba, akauweka ku paji la uso na akaomba Mungu aubariki. Kwa sauti. Kitanda kwa kitanda watu wakaitika amina. Nilitaka mukono ukatike.

Dokta Sifa akaingia, na simu yake wazi ku ukurasa huu. Alisema shule imeita kikao siku ya kwanza, ni kesho, saa mbili. Wakubwa wanasema mwanafunzi aliyepeleka maneno ya hatari mbele ya watu bila kumuuliza muongozi wake, ni kusema mimi, hafai kwa kazi ya jamii. Atatolewa mu staji, ile mazoezi ya kazi, na mwaka wake utapotea. Na baba yake Kambale alishasema, mwaka ukipotea anarudi kusimama mu duka, mambo ya meno imeisha. Dokta alimuonyesha Kambale ule mustari wangu. Aliuliza kama ni kweli alijichagulia.

Kambale alinitazama. Hakuwa na hasira mu macho, hilo ndilo sikuelewa. Aliomba daftari. Aliandika: "Neno nilisema mimi."

Ni kweli. Alilisema yeye. Dokta akafunga simu, akapumua, akanishukuru mbele ya ile mama.

Na mimi nikasema si kitu, Dokta, ni kazi yetu wazee.

Mave alinifuata mu koridori. Iko na bandeji ku sikio, na fasi moja ya kichwa haina nywele, ngozi iko wazi kama goti ya mutoto aliyeanguka. Tangu azaliwe hajawahi kunisemesha bila kuinamisha kichwa. Jana hakuinamisha.

"Noko, ku kikao utasema weye, ao niseme mimi?"

Nilimwambia aheshimu wakubwa. Nilimwambia mama yake atasikia. Alisema mama anajua, na amelia, na amemukataza. Atasema hata hivyo. Kisha akaenda kumushikia Kambale kikombe.

Nilirudi nyumbani kwa muguu, mupaka Ngezi. Nilikataa lifti tatu. Motari wa tatu alikuwa ule kijana mwembamba niliyemupiga. Alisimamisha pikipiki kando yangu, uso wake ulikuwa umevimba upande moja, na akaniuliza muzee, nikupeleke? Nilimwambia hapana na nikageuka njia ingine juu asione macho yangu.

Usiku huo sikuandika kitu. Leo kanisani sikusikia mahubiri.

Ninajua nini itatokea Mave akisimama. Kwa jamaa yetu, mutoto wa dada akimuangusha noko mbele ya watu, ni yeye anayechafuka. Watamusema ku harusi, ku matanga, mupaka wajukuu. Dada yangu atalazimishwa kuchagua. Na ataangushwa na kitu nilichofanya mimi, kama vile Kambale alivyoangushwa na neno langu. Watu wawili kwa neno moja, na mimi nikibaki wima, na jina la simba.

Na ninajijua. Kesho nikisimama bila maandishi, nitaanza vizuri, kisha nitaona Dokta ananisikiliza, na mudomo utaanza kupamba. Nitasema nilikosea kidogo. Nitasema kelele ilikuwa mingi. Nitaingiza mia mbili yangu tena. Siwezi kuuamini mudomo wangu mbele ya watu, tangu zamani haujawahi kunisaidia.

Kwa hiyo ninaandika hapa leo, mchana, mbele ya wote, juu kesho nisiwe na njia ya kukimbia.

Nimefuta ile ya siku ya tano. Wenye mulituma ile kwa wengine, tumeni na hii.

Wamotari walikuwa kama thelathini. Neno plaki nililitoa mimi, mu darasa, juu ya kujionyesha. Kambale aliniuliza. Alikuwa na maneno yake nzuri na mimi niliyacheka. Mave aliniuliza, nikamunyamazisha. Nilijua. Siku yenyewe nilikuwa nyuma ya jiko, na waliookoa ni mama wa mandazi na mutoto wa dada yangu. Niliyemupiga hakuwa amefanya kitu; jina lake nitalitafuta kesho, sikuwahi kuliuliza.

Wamotari watanitoa ku uzee wa parkingi. Watoe. Shule itanifukuza. Dokta atafuta ile ukurasa ya daftari yake yenye maneno yangu, ama ataiacha, sijui. Buldoza atacheka, na sitakuwa na haki ya kumukasirikia. Bibi yangu atasoma hii akiwa kwaya, atarudi, atanipa chakula.

Mvua imepungua. Nimebonyeza kutuma, simu imezunguka, network ni mbaya, nitabonyeza tena.

Kesho kikao ni saa mbili. Nitafika saa moja. Nitakaa karibu na meza, si nyuma fasi wazee wanakaa, na Dokta Sifa akiuliza ni nani aliyetoa ile neno, nitasimama kabla Mave hajasogeza kiti.